Kujitolea Si Bure: Sikukuu ya Mavuno na Waokoaji wa Lualaba

Jimbo letu la Lualaba limezoea habari za misiba ya ghafla. Tarehe 12 Novemba 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka karibu na Buyofwe, katika eneo la Lubudi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Februari 2019, lori lililobeba tindikali liligongana na basi katika barabara ya kutoka Lubumbashi kuja Kolwezi. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, na wengine wakaungua vibaya. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo, ukingo wa shimo la KOV hapa Kolwezi uliporomoka juu ya wachimbaji wa mikono. Gavana wa wakati huo, Richard Muyej, alitaja waliokufa kuwa 36, na siku zilizofuata hesabu ikapita 40. Machi 2022 treni nyingine ya mizigo, iliyokuwa imedandiwa na abiria wengi, ilianguka palepale Buyofwe na kuua zaidi ya watu 60. Na tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, daraja la kuvukia katika machimbo lilianguka likiwa limejaa watu. Viongozi wa jimbo walitangaza vifo visivyopungua 32.

Misiba hii haikufanana, lakini katika yote kuna jambo moja lililojirudia. Kabla ya mashine kubwa kufika, na kabla ya tume yoyote kuundwa, watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kuinama chini wakiondoa udongo kwa mikono, wakibeba majeruhi, wakifunika maiti. Wengi wao walikuwa majirani na wachimbaji wenzao. Wengine walikuwa watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, vijana kwa wazee, ambao hawaajiriwi wala hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Baadhi yao tunawafahamu vizuri sana: Jumapili tunaketi nao benchi moja kanisani.

Makala hii inaeleza njia moja ambayo makusanyiko yetu yanaweza kuwasaidia watu hao: sikukuu ya mtaa ya kuchangia waokoaji wa kujitolea. Njia hii ni ya zamani na imejaribiwa mahali pengine, nasi tayari tuna mahali pa kuipandikiza, yaani sikukuu yetu ya mavuno. Lakini kwanza tuone kwa nini inahitajika.

Gharama ambayo hatuioni

Mtu akisema fulani anajitolea, sisi husikia kwamba kazi yake haigharimu kitu. Sivyo. Kazi hiyo ina gharama, na kama hatujui ni nani anayeilipa, basi mara nyingi analipa mwenyewe anayejitolea.

Tuchukue mfano wa ajali ya barabarani usiku. Anayetoka kwenda kusaidia anahitaji nauli ya pikipiki au mafuta, na salio katika simu ili awaite wenzake na kupigia hospitali. Anahitaji tochi, fulana inayong'aa ili asigongwe na gari linalofuata, na glavu ili asiguse damu kwa mikono mitupu. Anahitaji bendeji na vitambaa safi vya kukandamiza jeraha. Kama majeruhi ameumia mgongo au mguu, inahitajika machela, maana kumbeba mtu kwa mikono na miguu kunaweza kumwongezea madhara. Na kama kuna waliokufa, inahitajika mifuko ya maiti, ili familia isiwaone wapendwa wao wamelazwa juu ya turubai la magunia.

Hakuna kitu kimoja kati ya hivyo kilicho cha ajabu wala cha bei ya kutisha. Shida ni kwamba vinakwisha. Jozi ya glavu hutumika mara moja na kutupwa. Bendeji iliyofunga jeraha hairudi. Baada ya ajali moja kubwa, sanduku lililojazwa kwa mwaka mzima huwa tupu, na ajali ya pili haingoji sanduku lijae.

Kuna pia gharama ya mwili wa mwokoaji mwenyewe. Anaweza kuteleza shimoni, kukatwa na chuma, kuambukizwa ugonjwa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya Msalaba Mwekundu lina mpango wa bima ya ajali kwa watu wa kujitolea, na ada yake ya mwaka kwa mtu mmoja ni ndogo. Hata hivyo, ndogo ni lazima ilipwe na mtu. Halafu kuna siku ya kazi iliyopotea. Mama anayeuza mboga sokoni akiacha meza yake kwenda kuosha majeraha, siku hiyo watoto wake wamechangia uokoaji kwa chakula chao, hata kama hakuna aliyeandika jina lao katika orodha ya wafadhili.

Kwa hiyo swali halisi ni hili: gharama hii ibebwe na nani? Iachwe juu ya bega la yule aliyekwisha kutoa muda na nguvu zake, au igawanywe kwa watu wote ambao siku moja wanaweza kumhitaji?

Jinsi mji mmoja ulivyojibu swali hilo mwaka 1891

Jibu la sikukuu lilipata umaarufu katika nchi ya Uingereza, na lilizaliwa na msiba wa waokoaji wenyewe. Huko kuna taasisi ya mashua za kuokoa watu baharini, RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824. Wengi wa mabaharia wake tangu zamani ni watu wa kujitolea, wavuvi na mafundi wa vijiji vya pwani. Desemba 1886, meli iliyoitwa Mexico ilikwama katika dhoruba kwenye pwani ya kaskazini-magharibi. Mashua tatu za uokoaji zilitoka kwenda kuisaidia. Moja iliwafikia na kuwaokoa mabaharia wa meli hiyo. Mbili, ya Southport na ya St Annes, zilipinduliwa na mawimbi, na waokoaji 27 wakafa usiku mmoja. Waliacha wajane na yatima wengi.

Watu walichangia familia hizo kwa huruma kubwa. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Manchester, Charles Macara, alitazama zaidi ya msiba ule. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mapato ya taasisi ya mashua ilitoka kwa matajiri wachache sana. Maelfu ya watu waliowasifu waokoaji hawakuwa wamewahi kuombwa hata senti moja. Kwa hiyo mwaka 1891 alisaidia kuandaa siku ya Jumamosi ambapo mashua za kuokolea ziliburutwa katika mitaa ya Manchester, mji ulio mbali na bahari, pamoja na bendi za muziki na maandamano. Wachangishaji walibeba mifuko iliyofungwa kwenye miti mirefu ili kuwafikia watu waliokuwa madirishani ghorofani na juu ya mabehewa ya abiria. Siku hiyo moja ilipata zaidi ya pauni 5,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na miji mingine ikaiga.

Katika habari hiyo kuna mafunzo matatu yanayotufaa. La kwanza, chombo kilipelekwa mbele ya watu. Aliyekuwa hajawahi kuona mashua ya uokoaji aliiona, akaigusa, akaelewa fedha yake inakwenda wapi. La pili, kila mtu aliombwa, hata mwenye kidogo, kwa hiyo kazi ikawa ya mji mzima badala ya kuwa ya mabwana wachache. La tatu, hawakungoja msiba mwingine. Walichanga siku ya jua na muziki kwa ajili ya usiku wa dhoruba ambao haujafika.

Mprotestanti wa Geneva na kanuni ya kujiandaa

Hilo la tatu ndilo lililokuwa kiini cha wazo la Henry Dunant, aliyesababisha Msalaba Mwekundu kuwapo. Dunant alizaliwa Geneva tarehe 8 Mei 1828, akalelewa katika imani ya kiprotestanti, na akiwa kijana alishiriki kuanzisha chama cha vijana wakristo, YMCA, katika mji wake. Juni 1859 alikuwa safarini kwa shughuli za biashara alipokuta mji wa Castiglione, kaskazini mwa Italia, umejaa majeruhi wa vita vya Solferino. Makanisa yaligeuzwa hospitali. Wanawake wa mji waliwahudumia askari wa pande zote bila kuuliza nani ni adui wa nani. Dunant alijiunga nao.

Alichokiona kilimfundisha jambo chungu. Watu wa Castiglione walikuwa na upendo wa kutosha. Walichokosa ni maji ya kutosha, vitambaa, mafunzo, na watu waliopangwa. Askari wengi walikufa ambao wangeweza kuishi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1862, Dunant alipendekeza kwamba kila nchi iwe na vyama vya watu wa kujitolea vilivyoandaliwa wakati wa amani, vikiwa na vifaa na mafunzo kabla ya shida. Mwaka 1863 kamati ilianzishwa Geneva, na mwaka 1864 mkataba wa kwanza wa Geneva ukatiwa sahihi. Mwaka 1901 Dunant alikuwa mmoja wa watu wawili wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tunaweza kusema kwamba Msalaba Mwekundu ulizaliwa kwa kutambua kwamba huruma isiyo na maandalizi hufika na mikono mitupu. Kujitolea ni mojawapo ya kanuni zake saba za msingi, pamoja na ubinadamu, kutobagua, kutounga mkono upande wowote, uhuru, umoja, na kuwa wa watu wa dunia yote. Kanuni ya kutobagua ina maana kubwa kwetu. Mwokoaji hamuulizi mchimbaji aliyefukiwa kama alikuwa na ruhusa ya kuingia shimoni, wala ni wa kabila gani, wala anasali wapi. Kwanza anamtoa.

Msamaria alikuwa na mafuta

Sisi wa makanisa tunapenda kuhubiri Luka 10. Kwa kawaida tunasisitiza kwamba Msamaria alihurumia wakati kuhani na Mlawi walipita kando. Ni kweli. Lakini tusome tena mistari ya 34 na 35 polepole, kama mtu anayehesabu vifaa. Msamaria alikuwa na kitu cha kufungia majeraha. Alikuwa na mafuta na divai ya kumimina juu yake. Alikuwa na mnyama wa kumbebea mgonjwa. Alikuwa na dinari mbili za kumpa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kulipa zaidi akirudi.

Tumwondolee vitu hivyo, tumwachie huruma peke yake. Angeweza kuketi kando ya barabara na kulia pamoja na yule mtu. Hilo nalo lina thamani, lakini mtu yule pengine angekufa. Katika mfano wa Bwana wetu, upendo una begi, una usafiri, una fedha. Na mwenye nyumba ya wageni naye ni mtu wa kutazamwa: kazi yake ya kuuguza iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyelipa. Wapo watakaokwenda barabarani, na wapo watakaotoa dinari. Wote wawili wako ndani ya mfano.

Je, ni sawa kuchanganya jambo zito namna hii na sherehe, chakula na nyimbo? Torati inatujibu. Katika Kumbukumbu la Torati 16, sikukuu za mavuno za Israeli ziliamriwa ziwe za furaha, na palepale wametajwa wanaopaswa kuketi mezani: mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha mbele za Mungu haikutenganishwa na kumkumbuka asiye na kitu. Kila mmoja alitakiwa aje na kitu mkononi, kwa kadiri alivyobarikiwa. Kwa hiyo sikukuu inayomkumbuka mwokoaji, na kupitia kwake mtu aliyefukiwa ambaye bado hatujui jina lake, haituondoi katika Maandiko.

Mavuno tayari tunayo

Wakristo wengi wa Katanga ya zamani wamekua na sikukuu ya mavuno. Mvua zikiisha, mahindi yakikauka, kusanyiko huleta madebe ya mahindi, mihogo, karanga, kuku, mbuzi, na kwa watu wa mjini bahasha. Kwaya huimba zikicheza kuelekea madhabahuni. Baada ya ibada, vitu huuzwa kwa mnada na fedha huingia katika kazi ya kanisa. Watu wanaipenda siku hii, wanaielewa, na hawahitaji kufundishwa kutoa.

Tazama pia kalenda. Kwetu mahindi mengi huvunwa kati ya Aprili na Juni. Tarehe 8 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Dunant, huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya Msalaba Mwekundu. Na Jumamosi ya pili ya Septemba ni siku ya kimataifa ya huduma ya kwanza, majuma machache tu kabla mvua hazijaanza kunyesha Oktoba au Novemba na kulainisha kingo za mashimo. Kusanyiko linalofanya sikukuu ya waokoaji wakati wa kiangazi linajaza sanduku kabla ya miezi ya hatari.

Jinsi ya kuifanya, kwa maneno machache, ni hivi.

Anzeni kwa kuwauliza waokoaji wenyewe. Kamati ya Msalaba Mwekundu ya komini yenu, iwe Dilala au Manika, au ya mji mdogo mliopo, ndiyo inayojua nini kimekwisha. Msiwanunulie mnachodhani. Ombeni orodha fupi yenye bei: glavu boksi ngapi, machela ngapi, mabuti ya namba gani, watu wangapi wa kufundishwa. Orodha hiyo ndiyo itakayotangazwa kanisani. Mtu anayesikia kwamba sadaka yake ni nusu ya machela hutoa kwa moyo tofauti na anayesikia kwamba tunaomba msaada.

Alikeni mtaa wote. Ndugu zetu wakatoliki, wakimbangu, waislamu na makanisa ya uamsho wanasafiri katika barabara ileile na watoto wao wanashuka katika mashimo yaleyale. Sikukuu ifanyike uwanjani kuliko ndani ya kanisa, ili asiyekuwa mshirika asione haya kuja. Wauza soko, waendesha pikipiki, vyama vya wachimbaji, shule, timu za mpira, wote wapewe nafasi.

Chakula kiwe kazi ya akina mama na akina baba pia. Sahani ya bukari na sombe na samaki, kikombe cha munkoyo, vikiuzwa kwa bei inayojulikana, hukusanya zaidi ya hotuba ndefu. Kwaya zishindane kwa furaha. Mnada uwe mfupi.

Na kama watu wa Manchester walivyoburuta mashua yao mjini, waokoaji waonyeshe kazi yao. Sehemu hii isiachwe, kwa sababu inaokoa maisha hata kama haikuleta faranga moja. Katika saa moja, umati unaweza kufundishwa mambo manne ambayo jimbo letu linayahitaji.

Kwanza, damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachilie kutazama kila mara. Pili, tindikali ikimwagikia mtu, jilinde wewe kwanza, mwondolee nguo zilizolowa, kisha osha mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Tatu, aliyeanguka kutoka juu au kutupwa nje ya gari asivutwevutwe, isipokuwa kama kuna moto au hatari nyingine. Tuliza kichwa chake na ita wenye machela. Nne, mtu akizimia ndani ya shimo jembamba, usiruke kumfuata. Hewa huko inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mara nyingi anayekwenda kuokoa hufa pamoja na aliyeokolewa. Hili la nne ni gumu kwa watu wenye upendo, ndiyo maana lifundishwe siku ya furaha, wakati akili imetulia.

Fedha zihesabiwe mbele ya watu

Tuseme ukweli: watu wetu wamechoka kuchangishwa. Wameona michango iliyotangazwa kwa sauti kubwa na matunda yake hayakuonekana. Sikukuu moja ikiharibika kwa njia hiyo, wanaoumia ni waokoaji, kwa sababu mwaka unaofuata hakuna atakayekuja.

Mtume Paulo alijua hatari hii. Alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba wajumbe walichaguliwa na makanisa yenyewe ili kusafiri pamoja na fedha, kusudi pasiwe na lawama, akijali uaminifu mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, sisi tunawahitaji zaidi.

Kwa hiyo fedha zihesabiwe siku ileile, mbele ya watu, na watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa si mshirika wa kanisa linaloandaa. Jumla itangazwe kabla watu hawajatawanyika, na iandikwe. Wanaotuma kwa simu, kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, watume kwa namba moja iliyotangazwa, na kiasi kilichoingia kisomwe pamoja na kile cha mkononi. Vifaa vinunuliwe ndani ya majuma machache. Risiti zibandikwe kwenye mlango wa kanisa. Kisha Jumapili moja waokoaji waje na machela mpya na masanduku, watu wavione kwa macho. Gharama za kuandaa sherehe zisile mchango; ni afadhali turubai la kuazima na viti vya shule kuliko hema la kukodi.

Tena, asiaibishwe mtu. Desturi ya kusimamisha watu mbele na kutaja kiasi cha kila mmoja huleta fedha za haraka na machozi ya siri. Bwana wetu alimtazama mjane aliyetoa senti mbili, na hakumwita mbele ya umati. Atakayeleta debe la mahindi, atakayeosha sahani, na kijana atakayejiandikisha kwenda kufundishwa, wote wametoa.

Je, hii si kazi ya serikali na makampuni?

Swali hili litaulizwa, na ni haki liulizwe. Shaba na kobalti vinatoka chini ya miguu yetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyohiyo inayataka makampuni ya madini kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Kwa hiyo zimamoto, magari ya wagonjwa na hospitali zenye vifaa si hisani ya kuombwa kwa kupiga magoti. Ni deni, na raia wana haki ya kuuliza limelipwaje.

Sikukuu haipaswi kufuta deni hilo. Ikiwa viongozi watakuja uwanjani, wakapiga picha, wakatoa bahasha na kuondoka kana kwamba wamemaliza wajibu wao, tutakuwa tumewapa mlango wa kutokea. Ndiyo maana orodha ya vifaa iwe na sehemu mbili zinazosomwa kwa sauti: vile ambavyo mtaa unaweza kuvibeba, kama glavu, bendeji na machela, na vile ambavyo ni wajibu wa wenye bajeti, kama gari la wagonjwa, barabara salama, na ulinzi wa kingo za mashimo. Kusanyiko lililotoa chake lina sauti yenye uzito linapouliza wengine wametoa nini. Nehemia alifanya yote mawili: alishika kazi ya ukuta pamoja na watu wake, na katika sura ya 5 akasimama na kuwakemea wakuu waliowakandamiza maskini.

Lakini pia tusitumie hoja ya haki kama kisingizio cha kukunja mikono. Bajeti ikicheleweshwa mwaka mmoja, mtu anayevuja damu hawezi kungoja mwaka mmoja.

Baada ya nyimbo

Kuna kitu kimoja ambacho hakiandikwi katika orodha ya bei. Waliochimba KOV, waliookota miili kando ya reli Buyofwe, waliobeba maiti kutoka Kalando, walirudi nyumbani na picha ambazo hazitoki kichwani. Wengine hawalali vizuri. Wengine huwa wakali kwa wake na watoto bila kujua sababu. Tunapowaita mashujaa, wanazidi kuona aibu kusema kwamba wameumia.

Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alilala chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kwa kumpa kazi mpya. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Mchungaji au mzee wa kanisa anayemtembelea mwokoaji juma moja baada ya ajali, akaketi naye, akamsikiliza bila haraka na bila kumhubiria, anafanya kazi ya malaika yule. Kila kusanyiko lenye waokoaji lingefaa kuwa na watu wawili au watatu waliopewa jukumu hilo, na katika sikukuu majina yao yatangazwe ili waokoaji wajue mlango wa kubisha.

Makanisa yetu yalipofika katika nchi hii yalikuja na Biblia na pia na sanduku la dawa. Wamisheni wa Garenganze walioanza kuja Bunkeya mwaka 1886 na wamethodisti waliofungua huduma ya matibabu kule Kapanga mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuona tofauti kati ya kuhubiri na kufunga kidonda. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa vijana wa mtaa wenye fulana za msalaba mwekundu, na wanaifanya kwa vifaa vichache mno.

Juma hili, kabla ya kupanga tarehe yoyote, mtume mtu mmoja kwa kamati ya waokoaji iliyo karibu na kanisa lenu. Aulize maswali mawili: sanduku lenu lina nini sasa, na nani kati yenu hajapumzika tangu ajali iliyopita? Majibu yaletwe katika baraza la wazee, na hapo sikukuu itakuwa na mahali pa kuanzia.